Belmiro, Mlango!

2 Novemba

Jana tulipeleka maua makaburini, leo tumewasha mashine. Ndivyo msimu unavyoanza hapa kila mwaka: wafu kwanza, zeituni baadaye. Nimeosha vikombe vya kuonjea mpaka vidole vikasinyaa. Ni vidogo, vya kioo cha buluu nzito, ili mgeni asidanganywe na rangi ya mafuta.

Nimekuja kwa msimu huu mmoja tu. Nilijiambia hivyo kwenye basi kutoka Porto, nikajiambia tena nilipoliona paa la kinu chetu, na sasa naliandika ili niache kujiambia. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni na kuwaonjesha. Baba anasema mimi ndiye niliyesoma, basi mimi ndiye niongee.

Shangazi Graciete, dada yake Baba, alinipokea kwa kunitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Daktari amerudi," alisema. "Sasa zeituni zitatoa mafuta kwa adabu." Mimi si daktari. Nimesomea kemia ya vyakula, na hilo analijua vizuri.

4 Novemba

Ukungu. Mto hauonekani. Trekta tunazisikia kabla ya kuziona.

7 Novemba

Wageni wa kwanza, Waholanzi warefu ambao wote waligonga vichwa kwenye boriti ya mlangoni. Niliwaonyesha pale zeituni zinapomwagwa, feni inayopeperusha majani, maji ya kuoshea, mashine inayoponda tunda pamoja na kokwa yake, birika refu ambamo rojo hukandwa polepole, na mashine inayozunguka kwa kasi hadi mafuta yaachane na maji na mashudu. Mwisho kuna mdomo wa chuma, na mafuta yanatoka hapo kama uzi wa kijani. Hapo ndipo watu wote hujazana, kwa sababu pana joto, pana meko ya Shangazi na chungu chake cha supu ya kabichi, na kwa sababu hapo ndipo Baba hutoa neno.

Nilijaribu kuwaeleza habari ya neno. Kila nyumba hapa huleta zeituni zake na kuondoka na mafuta yake, hayachanganywi na ya mtu. Mafuta yanapoanza kutoka, Shangazi huchoma kipande cha mkate, Baba hukikinga mdomoni pa mashine, huuma, hutafuna bila haraka, kisha hutamka. Mwenye zeituni husimama amevua kofia. Neno hilo hufika kwenye mkahawa kabla yake.

Nilipokuwa mdogo maneno ya Baba yalikuwa marefu. "Hizi umezichuma baada ya mvua, halafu ukaziegesha karibu na dizeli." "Haya ni mafuta ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda harusini." Watu walikasirika, wakacheka, na mwaka uliofuata walichuma vizuri zaidi.

Leo nyumba nne zilikamua. Tatu ziliambiwa: "Safi." Ya nne: "Mwakani uziwahishe." Basi. Mholanzi mmoja aliniuliza kama baba yangu ni mtu wa maneno machache. Nikasema ndiyo.

8 Novemba

Safi, safi, mwakani uziwahishe, safi.

Na Shangazi kutwa nzima akimpigia Baba kelele: "Belmiro, mlango! Baridi inaingia!" Mlango ulikuwa umefungwa. Nilimwambia. Akanijibu, "Wewe una kemia, mimi nina magoti." Nadhani uzee umempata vibaya. Ameufanya mlango kuwa adui yake.

11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martinho, siku ya kufungua mvinyo mpya. Jirani yetu Firmino alileta wa kwake katika jagi, na harufu ilitangulia kufika: pipa bovu, soksi zilizolowa. Niliishika glasi mbali na uso. Baba alikunywa glasi mbili, akajipangusa masharubu, akasema, "Safi."

Firmino alimtazama kwa wasiwasi. "Kweli, Belmiro?"

"Nimesema safi. Unataka nikuandikie?"

Nilimfuata uani. "Baba, ule ulikuwa umeharibika."

"Firmino ni mtu mwema."

"Sikuulizia Firmino."

"Basi usiniulizie mvinyo wake." Akaenda kuangalia kuni.

Sijawahi kumwona Baba akiwa mnafiki. Nilidhani heshima yake yote iko hapo: kwamba hajui kupaka maneno sukari. Labda kufiwa na Mama kumemlegeza. Labda ni wageni, labda anaogopa kuonekana mkali mbele ya kamera zao. Nimetembea mpaka mtoni na kurudi, na sijatulia.

14 Novemba

Habari imefika. Wamenikubali chuo kikuu cha Ghent, miaka minne ya utafiti, kuanzia Januari baada ya Sikukuu ya Wafalme. Nilishuka ngazi mbili mbili. Baba alikuwa amejikunja chini ya birika, spana mkononi.

"Baba, nimepata ile nafasi. Ubelgiji."

Hakutoa hata kichwa. "Safi," alisema.

Safi! Neno lilelile alilompa Firmino.

15 Novemba

Sikusema naye leo.

19 Novemba

Mvua. Hakuna anayechuma. Nimesoma ukurasa mmoja mara nyingi na sikumbuki umehusu nini.

23 Novemba

Mzee Evaristo amekuja kutuchungulia, kama kawaida yake, bila zeituni. Nieleze ugomvi wake na Baba, maana ndio unaokishikilia kijiji hiki.

Zamani kila mtu hapa alikuwa akizilaza zeituni ghalani majuma kadhaa, na chumvi juu, zikivuja maji meusi. Waliamini zeituni iliyolala hutoa mafuta mengi zaidi. Haitoi. Inavunda, na mafuta yake yananuka uvundo, ila watu walikuwa wamekulia humo, na kwao hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mafuta, ya Krismasi, ya bibi zao. Baba alirithi kinu akiwa kijana akaanza vita: zeituni ije siku ileile iliyochumwa, ndani ya makreti yanayopitisha hewa. Aliwatukana mmoja mmoja, mkate mdomoni, mpaka wakabadilika wote. Wote isipokuwa Evaristo.

Evaristo huleta magunia yake siku anayotaka mwenyewe, Baba humkamulia peke yake na kuosha mashine nzima baadaye, na kila mwaka humpa tusi jipya. Mwaka jana, nasikia, alimwambia, "Hata mashudu yako yanaomba radhi." Evaristo alilizungusha tusi hilo mkahawani kama picha ya mjukuu.

"Daktari," aliniambia leo, "unawafundisha wageni kunywa mafuta kama dawa ya minyoo?"

"Nawafundisha kuonja, Mzee."

"Kuonja kunafundishwa? Mimi nilifundishwa na njaa." Kisha akamgeukia Baba. "Zangu zimelala kama watoto wachanga. Jitayarishe."

"Mimi huwa tayari," alisema Baba. "Mashine ndiyo huugua."

Kwa muda mfupi alikuwa baba yangu tena.

28 Novemba

Supu imeungua. Shangazi alikuwa ametoka kumpa mtu magunia yake, nami nilikuwa juu na wageni. Niliposhuka moshi ulikuwa umejaa, chungu kimekauka, kabichi imekuwa makaa, na Baba amesimama karibu nacho, ameupa moto mgongo, anasoma saa ya joto ya birika.

"Baba! Hukusikia?"

"Nini?"

"Harufu!"

Aligeuka, akauona moshi, akaruka. "Nilikuwa na mawazo," alisema.

Shangazi aliingia, akatazama chungu, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi muda mrefu. Nilingoja kelele. Hakupiga. Alikisugua chungu kimya kimya, na ukimya wake ndio ninaoufikiria hadi sasa.

1 Desemba

Shangazi ameitwa hospitali ya Mirandela kufanyiwa upasuaji wa jicho. Ametangatanga asubuhi nzima, mkoba mkononi, haondoki. Alitaka kuahirisha, Baba akasema jicho halingoji. Mlangoni alinishika mkono kwa nguvu.

"Choma mkate wewe. Kaa pale mekoni, usiende huku na huko na wageni wako."

"Na mlango nitauangalia, Shangazi, usijali."

Hakucheka.

3 Desemba

Niandike polepole.

Asubuhi umande ulikuwa umeganda, majani yote meupe. Walikuja wageni kutoka Lisbon, walimu wastaafu, wachangamfu. Nilisahau agizo la Shangazi: nilichoma mkate, nikauacha kwenye sahani, nikapanda nao juu kuwaonyesha mashine ya kuponda.

Kutoka kule juu niliona trela la Evaristo likiingia, na juu yake, badala ya magunia, kulikuwa na makreti. Makreti mapya ya plastiki, yamepangwa vizuri. Baba aliyatazama kama mtu anayemwona ng'ombe wake aliyepotea akirudi mwenyewe zizini.

"Evaristo. Makreti?"

"Makreti. Usiniulize."

"Siulizi," alisema Baba, na nilimwona akitabasamu kwa upande wa uso ambao Evaristo hauoni.

Zeituni zilipoanza kupondwa harufu ilinipiga nikiwa juu. Gunia lililolowa, nguo zilizosahauliwa majini, na chini yake utamu mzito wa tunda lililovunda. Siwezi kueleza nilivyofurahi. Nilijisemea: sasa. Sasa atasema. Niliwahimiza walimu washuke haraka, nikitaka wamsikie mtu mkweli akifanya kazi yake. Deolinda, mwenye mkahawa, alikuwepo, Firmino alikuwepo, watu wengi waliosubiri zamu.

Baba alikinga mkate, akauma, akakohoa kidogo, kikohozi kile cha koo linalochomwa na mafuta mapya. Macho yake yaling'aa. "Safi," alisema. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya msimu mzima. Aliendelea.

"Evaristo, haya ndiyo mafuta niliyokuwa nikikuomba tangu ujana wetu. Hayana kasoro. Wape wageni waonje, ili wajue kijiji hiki kina watu."

Mashine ilinguruma peke yake.

"Rudia," alisema Evaristo.

"Hayana kasoro."

Evaristo alikuwa amevua kofia, akaivaa. "Makreti ni ya mpwa wangu. Magunia yangu yameliwa na panya. Zeituni zimelala ghalani kama babu yangu alivyozilaza, na chumvi juu. Unanifanyia hisani, Belmiro? Nimefikia hapo? Mke wangu alipokufa, wiki ileile uliniambia mafuta yangu yanafaa bawaba za mlango, na nilikushukuru, kwa sababu nilijua bado mimi ni mtu. Leo unanihurumia?"

"Sikuhurumii."

"Basi nitukane!"

Baba alifungua mdomo. Halafu akageuza macho. Hakunitazama mimi. Alitazama mekoni, pale anapokaa Shangazi, penye kigoda kitupu. Alikitazama kama mtu anayetafuta saa ukutani ilhali saa imeshaondolewa.

Hapo nikaelewa. Mlango. Mlango uliofungwa, na Shangazi anayechoma mkate hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa mashine, na neno lake la baridi ambalo kila mara lilifuatwa na "mwakani uziwahishe." Nilielewa supu. Nilielewa mvinyo wa Firmino. Baba hasikii harufu.

Katikati ya ukimya ule mwalimu mmoja, mama mnene mwenye skafu nyekundu, alikuwa amechovya mkate wake. "Jamani!" alisema, na machozi yakamlenga kweli. "Haya ni ya bibi yangu kabisa! Mtaniuzia chupa?"

Watu wakacheka, kicheko kikubwa kisicho na huruma. Evaristo hakucheka. Alipakia mafuta yake akaondoka bila kuaga. Nami, mwenye pua iliyosoma, niliwaambia wageni kwamba hayo ni mafuta ya mtindo wa kale, nikawagawia vipande vya tufaha la kijani wasafishe vinywa.

Jioni, jikoni, niliweka vikombe viwili vya buluu mbele ya Baba. Kimoja mafuta yetu ya mwaka jana, kimoja ya Evaristo.

Hakuvigusa. "Usinipime, Iria."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya mwaka juzi. Asubuhi moja kahawa ikawa maji ya moto. Nikadhani Graciete amefanya ubahili." Alijaribu kucheka. "Koo bado linawaka. Ulimi unajua uchungu. Kwa hiyo nashika hilo, na mlango. Zake Evaristo mwaka huu zilikuwa mbichi mbichi, zikaniwasha. Na yale makreti. Nilitaka sana yawe kweli."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema ngoja. Nangoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungerudi."

"Nimerudi, Baba. Niko hapa."

"Umekuja kutembea. Kurudi ni jambo jingine."

Nilimuuliza jambo ambalo sikukusudia. "Siku ile niliposhuka na habari ya Ghent. Ulisema safi."

"Ilikuwa safi," alisema. "Ile sikuhitaji pua."

4 Desemba

Siwezi kuandika.

6 Desemba

Shangazi amerudi na kitambaa jichoni. Alivua koti, akafunga aproni, akasema bila kunitazama, "Nasikia mlango ulibaki wazi."

Nililia, na nilikasirika kwa kulia. "Mlinificha. Nimemwita mnafiki moyoni mwangu mwezi mzima."

"Moyoni hakukusikia. Kata vitunguu."

Nilikata. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakulisema neno yeye mwenyewe, kwa kuwa pua ni yake.

"Neno ni la mwenye kinu."

"Nani kasema?"

"Babu yako. Na baba yake. Mimi ni wa mkate na supu." Alikuwa akiyasema haya huku amefumba jicho lake zima, uso umeelekea kwenye mdomo wa mashine, pua juu kidogo, na ndipo nikaona kwamba sijawahi kumtazama. "Hizi za Firmino," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na chungu, "zimechumwa upande wa jua na upande wa kivuli, akachanganya kwa uvivu. Na karibu kulikuwa na moshi wa mizizi ya mzabibu." Kisha akapaza sauti kuomba chumvi, lakini hakuita mlango, kwa sababu hazikuwa mbovu.

Baba akauma. "Safi."

Maneno mengi hivyo yakapita mbele yangu yakaingia kwenye supu.

9 Desemba

Matrela matatu leo yamekuja na zeituni zilizolala. Matatu! Deolinda ameweka mikono kiunoni. "Si Belmiro mwenyewe aliyesema hazina kasoro? Basi mgongo wangu na wenyewe upumzike."

"Mlango, Belmiro!"

"Mwakani uziwahishe," alisema Baba.

"Ala! Evaristo kapewa safi, mimi napewa mwakani? Alikuletea nini, nguruwe mzima?"

Watu wakacheka. Hakuna anayemwogopa tena, na asiyeogopwa hapa hasikilizwi. Alichokijenga kwa matusi ya ujana wake wote kinaanza kuvunda kwa juma moja, na Evaristo, ambaye angefurahi, amejifungia nyumbani.

Nimewaandikia Ghent barua kwamba siendi. Sijaituma. Nimewaandikia pia kwamba nakwenda. Nayo sijaituma.

12 Desemba

Baba amenikuta nikipanga vikombe. "Nitawaambia wote," alisema. "Siku ya viazi." Ndiyo siku kubwa ya msimu, tunapokamua za kwetu na kila nyumba huja kula. "Nitawaambia, na wewe utashika mkate."

"Baba, Ghent..."

"Mwaka huu tu. Mwakani Mungu anajua."

Mwakani. Neno lake la kawaida. Nilitaka kusema hapana na nilitaka kusema ndiyo, na jambo baya zaidi ni lile la pili. Nimekuwa nikijisikia natamka mbele ya watu wote wamevua kofia. Nimeshatunga hata sentensi.

13 Desemba

Mvua.

15 Desemba

Mvua bado. Nimebishana na Shangazi juu ya chumvi, kisha juu ya ufagio. Hatubishani juu ya chumvi wala ufagio.

"Utakaa?" aliniuliza mwishowe.

"Sijui."

"Ukikaa kwa ajili yake, atajua. Pua hana, macho anayo."

"Na nikienda?"

"Tutaendelea na mlango, mpaka hata mjinga aone kwamba umefungwa."

20 Desemba

Siku ya viazi. Tangu asubuhi viazi vilikuwa jivuni na maganda yake, na samaki wa chumvi juu ya makaa, na watu wakiingia wakikung'uta viatu. Evaristo alikuja wa mwisho. Alisimama karibu na mlango, kofia kichwani, kuonyesha kwamba hakai.

Zetu zilikuwa kwenye birika. Uzi wa kijani ulipoanza kutoka, Shangazi alichoma mkate, na Baba akaupokea. Lakini hakuukinga. Aliugeuza mkononi.

"Evaristo," alisema, "siku ile sikukufanyia hisani. Sisikii harufu. Si ya mafuta yako, si ya kitu chochote, tangu ile homa. Graciete amekuwa pua yangu, na siku ile hakuwepo. Hiyo ndiyo habari yote. Aliyeacha zeituni zilale kwa ajili ya neno langu, alifuata neno la mtu asiyesikia."

Deolinda alitazama chini. Firmino alisema, kana kwamba sasa tu mzigo umemtoka, "Kumbe mvinyo wangu..."

"Mwanangu anasema ulikuwa soksi," alisema Baba. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na safari hii kicheko kilikuwa na nafasi yake ndani.

Kisha Baba akakinga mkate, akanigeukia, akanipa.

Niliuma. Yote yalikuwa mdomoni mwangu: majani ya mnyanya, lozi mbichi, pilipili ikipanda polepole, na pembeni mwa yote kitu kimoja kisicho sawa, ubaridi, kama chuma. Nilikuwa na sentensi yangu. Ilikuwa nzuri. Kofia karibu zote zilikuwa mikononi, hata za vijana, nami nikajua kwamba nikifungua mdomo sitaondoka, na kwamba sehemu kubwa ya nafsi yangu inataka hivyo hasa.

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa kwenye kigoda chake, macho yote mawili amefumba, uso umeelekea kwenye mafuta, na midomo ikicheza. Alikuwa analisema. Alikuwa analisema kimya kimya, kama alivyolisema miaka yote ambayo hakuna mtu aliyemwuliza.

Nilitafuna, nikameza. Nikampa mkate.

"Shangazi, sema wewe. Kwa sauti."

"Mimi ni wa supu," alisema haraka.

"Supu imeiva," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa kavu na sikuweza kuisoma. "Sema, Graciete."

Alisimama. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akauma pale nilipoacha, ingawa hakuhitaji.

"Umezichelewesha, Belmiro," alisema, na sauti ilitetemeka mwanzo tu. "Zile za juu ni nzuri, zina heshima. Za kando ya mto zimepigwa na baridi ya usiku ule wa umande, nawe ulijua, ukaona uvivu kuzitenga, ukasema hakuna atakayegundua. Mtu amegundua. Na mkate nimeuunguza mwenyewe, hilo msimhesabie yeye."

Baba akavua kofia yake.

Kutoka mlangoni Evaristo akauliza, "Na yangu?"

"Yako," alisema Shangazi, "niliyajua tangu Mirandela, jicho likiwa limefungwa. Nesi aliniuliza kama kuna mtu kavua viatu wodini."

Evaristo aliingia ndani. Alivuta kiti, akaketi, akaweka kofia yake mezani kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari mbaya. "Mbona viazi havipondwi?" alisema.

Tukavipiga ngumi viazi vipasuke, mafuta yakamiminwa juu yake. Sijui kama nilimpa Shangazi mkate kwa upendo au nilikimbia. Nimekaa na swali hilo jioni yote. Barua ya kukubali nimeituma.

10 Januari

Ghent. Mvua nyembamba isiyoisha. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa matofali. Nimezunguka humu ndani kama kuku aliyefungiwa.

Nina chupa ya mafuta ya siku ya viazi. Baba aliifunga kwa soksi zake mbili ili isivunjike, soksi safi, nimezinusa. Leo alipiga simu.

"Graciete ananitesa," alisema. "Amemrudisha Deolinda na trela zima la zeituni zake za mwisho, bado ziko ndani. Kijiji kizima kinamwogopa. Evaristo ameanza kuvaa shati safi akija."

"Na wewe?"

"Mimi naendesha mashine. Ile chupa umeifungua?"

"Bado."

"Ifungue. Uniambie."

Nilimimina kidogo kwenye kikombe cha chai, nikakipasha joto kiganjani kama ninavyowafundisha wageni, nikanusa. "Majani ya mnyanya," nilisema. "Lozi mbichi. Mwishoni..."

"Hayo ni maneno yako ya wageni. Nimekusikia ukiwaambia Waholanzi."

Nikaona aibu. Nikafumba macho, nikanusa tena, nikangoja. Mvua ilikuwa ikigonga kioo. Nikangoja zaidi.

"Mikono yako," nilisema, "ulipokuwa ukinitoa kitandani asubuhi za msimu nikiwa mdogo, kabla hujaiosha. Na kuta za kinu zikiwa na unyevu. Na ile baridi ya kando ya mto, Baba, ipo kweli. Shangazi hakusema uongo. Ni kama ufunguo uliolala nje."

Upande wa pili nikasikia kigoda kikisogezwa na mtu akikikalia.

"Endelea," alisema.